Tanuri la Mtaa wa Chupa

Walimwita Jicho kwa sababu ya kazi yake. Aliingia kiwandani akiwa binti wa miaka ishirini na mbili, akawekwa mbele ya mkanda uliopitisha chupa zikimulikwa na taa kali kwa nyuma, na kuanzia hapo akawa wa kutazama tu. Yenye ufa aliichomoa. Yenye povu aliichomoa. Yenye shingo iliyopinda, vilevile. Ukimsemesha alikujibu vizuri, lakini uso hakugeuza.

Siku hizo mji ulikuwa mji kwelikweli. Chupa za dawa, za soda, za wino, za mafuta ya kujipaka, zote zilitoka pale. Watu elfu nne waliingia getini kwa zamu tatu, na vyumba vya kupanga vikawa vya kugombania. Mume naye Jicho alimpata humohumo: fundi wa tanuri, mtu mrefu asiye na nyusi hata moja, maana moto ulishazila zote. Mashoga zake walimtania kwamba ameolewa na yai. Alicheka nao, ila alijua alichokijua. Bwana yule alitazama moto kwa macho matupu akataja joto lake, na mainjinia wakipima walikuta hivyohivyo.

Kisha plastiki ikashika soko. Zamu tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja. Siku ya mwisho meneja alimwamuru fundi akate mafuta huku tanuri limejaa kioo cha moto. Fundi akamweleza kwamba kioo kikigandia tumboni, tanuri ndiyo basi tena.

"Funga," meneja akasema. "Hayo si yangu tena."

Akafunga, kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku hiyo hakukanyaga mtaa wa kiwanda. Akienda sokoni alizungukia nyuma ya shule, robo saa nzima ya ziada, na mkewe hakumuuliza.

Ikapita miaka kumi na tisa. Jicho alishona sare za wanafunzi. Fundi alitengeneza viti vya watu pale uani. Watoto wao wawili walihamia kwingine kutafuta riziki, kama watoto wa kila nyumba. Kufuli zilishika kutu milangoni. Jalalani palikuwa na kilima cha vioo vilivyovunjika, na jua likikipiga kiling'aa mpaka kikaumiza macho.

Halmashauri ilipotangaza kwamba majengo yatauzwa kama chuma chakavu, Jicho alisimama katika mkutano wa mtaa akaomba wapewe ukumbi mmoja wa kufanyia kazi.

"Mama," afisa akasema kwa upole, "mnajua kazi ile inahitaji watu wa aina gani?"

"Najua. Ndio hawa uliokaa nao."

Watu waliangua kicheko, na afisa naye akajikuta anacheka. Wakapewa ukumbi mmoja, mwaka mmoja.

Wanawake walipanda jalalani na glovu na magunia, wakaokota vioo, wakaviosha, wakavitenga kwa rangi. Shemeji yake Jicho, mdogo wake fundi, ambaye alikuwa mwashi, aliingia na vijana wanne tumboni mwa tanuri lililokufa, nyundo na patasi mkononi. Miezi mitatu walibandua kioo kilichoganda ili kuokoa matofali yanayostahimili moto. Kwa matofali hayo akajenga tanuri dogo linalowaka kwa mafuta machafu ya gereji.

"Shemeji," Jicho akamuuliza, "hili ni tanuri au banda la kuku?"

"Kuku akiingia humu, shemeji, anatoka ameiva."

Tanuri liliwaka. Kioo kiliyeyuka kikawa kama uji, wakakipuliza kwa mabomba ndani ya kalibu za zamani, zile za chuma zinazoipa chupa umbo, wakatoa chupa arobaini. Walizipanga mezani, wakaanza kupongezana. Kabla hawajamaliza, chupa ya kwanza ikalia ti, ikapasuka. Ikafuata ya pili. Kufikia adhuhuri haikubaki hata moja.

Jicho alirudi nyumbani akamkuta mumewe anapigilia mguu wa kiti. Akaketi karibu naye akamweleza yote.

"Nililiua mimi lile tanuri," fundi akasema bila kuinua kichwa.

"Ulifunga mafuta kwa amri ya mtu. Mji hukuuua wewe. Ungeuua, mimi ningekuwa wa kwanza kukwambia, unanijua."

Fundi alipigilia msumari ambao ulikuwa umeshaingia wote.

Asubuhi iliyofuata alikatiza mtaa wa kiwanda, peke yake, mikono nyuma. Watu waliomwona walimpisha. Ukumbini aliokota kipande cha chupa, akakigeuza, akamtazama mdogo wake.

"Mnazipoza kama chai," akasema. "Chupa inataka kulala. Joto lishuke taratibu, siku nzima."

Wakajenga chumba cha kupoozea ubavuni mwa tanuri. Fundi alikaa mbele yake akitazama moto na kutoa maagizo kwa kidole. Walipofungua, chupa ishirini na nne zilikuwa nzima. Jicho akazipeleka dirishani moja moja, akakataa saba.

"Hata hii?" fundi akauliza.

"Ina povu."

"Kapovu kadogo tu hako."

"Povu ni povu, baba watoto."

Ukumbi mzima ulicheka, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa fundi.

Leo ni mwaka wa tano; halmashauri iliwaongezea muda, na habari ya kuuza majengo ikaishia hapo. Warina asali wa wilaya tatu wanachukua chupa pale, wakamuaji mafuta vilevile. Ukumbi wa pili wamechukua maseremala, wa tatu washona viatu. Watu sitini na watatu wanakula kwa tanuri lile, na mtoto wa pili wa Jicho amerudi na mkewe, wamefungua nyumba iliyokuwa na kufuli.

Juzi alifika mgeni kutoka mji mwingine ambao viwanda vyake vimekufa. Alizunguka kila pembe, akaandika weee, mwisho akamuuliza Jicho mwekezaji wao ni nani, angependa kumpa mkono.

"Ngoja zamu imalizike, watatoka wote," Jicho akamjibu, macho kwenye chupa.

Saa tisa walianza kutoka, wengine wakijipangusa jasho, wengine wakitaniana, na mgeni alisimama getini akiwapa mkono mmoja mmoja. Ilimchukua muda mrefu.