Wimbi la Laurian

Siku hiyo mjinga alikuwa Laurian, na jambo hilo halibishaniwi, hata na Laurian mwenyewe. Asubuhi ilikuwa safi, Ziwa Kitangiri limetulia, na yeye alikuwa akiendesha boti ya injini ambayo kijiji cha ujamaa kilikuwa kimepewa majuzi tu. Ilikuwa bado inanuka rangi. Mbele yake alimwona Mzee Manase katika mtumbwi wake wa tanga, tanga lenyewe limeshonwa kwa magunia ya unga.

Sheria ya ziwa ilikuwa fupi. Mwenye tanga anaendeshwa na upepo, mwenye injini anajiendesha, basi mwenye injini ndiye anayepisha. Anapita nyuma ya mwenzake, anapunguza moto, tena anapita mbali: ukiweza kuona meno ya mtu, umemsogelea mno. Laurian alikuwa ameisikia kwa Mzee Manase huyo huyo, aliyemfundisha kupiga kasia.

Lakini alikuwa amelelewa pia kwamba mkubwa haamkiwi kwa kupigiwa kelele kama ng'ombe aliyeingia shambani. Unamsogelea. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Sababu nyingine, ambayo kwa kweli ndiyo ya kwanza, ni kwamba alitaka mzee aione injini.

"Shikamoo, mzee!"

Aliyaona meno yote, hata mapengo. Shikamoo ilifika, na nyuma yake likafika wimbi. Laurian alipogeuza boti, tanga lilikuwa limelala juu ya maji na mzee alikuwa chini yake, amenaswa kwenye kamba. Walimtoa mchana, amekufa.

Jioni mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Anselm, aliitisha mkutano. Wageni kutoka wilayani walikuwa wanakuja kuiona boti.

"Ndugu zangu, upepo wa miezi hii mnaujua," alisema. "Umetunyang'anya mzee wetu."

Laurian alifumbua mdomo. Mwenyekiti alimtazama. Akaufumba.

Alipoondoka mkutanoni, wimbi lilitoka ziwani likamfuata. Lilikuwa la kimo cha kiuno, limekunja mgongo vilevile kama lilivyokuwa asubuhi ile, nalo lilipita njia ya ng'ombe bila kumwagika. Laurian alisimama, nalo likasimama. Alipofika kwake lilijilaza uani.

Mke wake, Esta, alitoka na taa.

"Hilo ni la kwako?"

"La kwangu."

"Basi lisogeze. Nimeanika mtama hapo."

Halikusogea, kwa hiyo Esta alisogeza mtama. Asubuhi bata wa jirani walikuwa wanaogelea humo, na kofia ya Mzee Manase ilikuwa ikizunguka katikati. Esta aliitoa, akaikamua, akaianika kwenye ua. Kesho yake ilikuwa imerudi ndani ya maji. Akaianika tena. Ikawa kazi yake ya kila siku, kama kufagia.

Ndugu Anselm alikuja, akalizunguka wimbi akiwa ameweka mikono nyuma.

"Maji haya ni mali ya kijiji," alisema.

Tangu siku hiyo Laurian alitakiwa kukaa kando ya bustani ya ushirika kila alasiri, ili wimbi nalo likae hapo na watu wachote kwa ndoo. Halikupungua. Nyanya zilizaa vizuri. Wageni wa wilayani walipofika walipanda boti, wakala nyanya, wakasifu umoja wa wanakijiji, wakatoa pole kwa ajili ya upepo. Laurian naye alikula, kidogo.

Usingizi ulimpotea. Usiku wote alisikia maji yakipiga ukuta, taratibu, kama mtu anayebisha hodi na hana haraka. Mwishowe alikwenda kwa Febronia, mjane wa Manase. Alimkuta akifumua tanga la marehemu ili apate turubai la kupuria mtama. Wimbi lilibaki mbali, nje ya boma lake, kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Huyo mwenzako naona ana akili, amebaki huko huko."

"Mama, nakuomba ulifukuze. Wewe litakusikia."

"Nilifukuze mimi? Nililialika?" Aliendelea kuvuta nyuzi. "Nenda ukasimame mkutanoni, useme lilikotoka."

"Nikisema, wilaya itachukua boti."

"Iichukue."

"Samaki tutawatoa wapi, mama? Na wimbi likirudi ziwani, bustani itakauka. Watu watalala njaa kwa sababu yangu. Hii boti si yangu. Ni ya kijiji kizima."

Febronia aliuma uzi, akautema, akamtazama.

"Ni ya kijiji kizima, sawa. Lakini kijiji kizima hakikushika usukani, Laurian."