Ndala ya Kushoto

"Shemeji, siku hizi umekuwa mlinzi wa ndala?"

Jirani yangu Ashik aliniuliza hivyo mwaka jana, mlangoni pa msikiti wetu hapa Labasa, akacheka mpaka akakohoa. Marehemu mume wangu, Yasin, alikuwa akirudi kutoka shambani na ndala moja, ya pili imemtoka mguuni njiani wala hana habari. Kumbe ni ugonjwa wa sukari, miguu imekufa ganzi. Madaktari wakamkata mguu, na miezi minne baadaye nikakaa eda. Tangu hapo naangalia miguu ya watu, Mungu anisamehe.

Jumamosi iliyopita jumuiya yetu iliita wauguzi katika ukumbi wa msikiti, watu wapimwe bure. Ashik alifuata mchuzi wa mbuzi tuliowapikia watu.

"Kapime kwanza," nikamwambia.

"Sukari? Miwa naikata mimi kila siku, shemeji. Yenyewe ndiyo iniogope!"

Wanawake wakacheka, nami nikacheka. Akavua ndala kizingitini, akaingia. Lakini iliyobaki nje ni ya kulia tu. Ya kushoto aliingia nayo mpaka katikati ya zulia tunaloswalia.

"We Ashik! Kiatu!"

Akatazama chini, akaduwaa. "Haraka tu," akasema.

Mimi haraka naijua, na ile haikuwa haraka. Nikamsogezea kiti mbele ya muuguzi, Litiana, nikasimama njiani asipite. Akakaa.

Litiana akamwambia afumbe macho, aseme ndiyo kila akiguswa kidole cha mguu. Akamgusa kwa uzi mgumu, kidole baada ya kidole.

"Anza basi, dada," Ashik akasema. "Mchuzi unapoa."

"Nimeshamaliza, baba."

Akafumbua macho. Litiana akamgeuza unyayo: kijiti cha mua kimezama nyamani, pembeni usaha. Sukari nayo, alipomtoboa kidole cha mkono, ikasoma kumi na tisa, zaidi ya mara mbili ya kawaida.

"Gari letu linakwenda hospitali sasa hivi," Litiana akasema, akiufunga mguu bendeji. "Ukiwahi, huu unapona."

"Jumatatu tunaanza kukata miwa shambani kwa Prakash. Msimu ukiisha nitakwenda."

"Yasin naye alisema msimu ukiisha," nikamwambia.

Akaiokota ndala ya kushoto. Kisha akaenda kizingitini, akavaa ndala zake moja moja, akiutazama mguu wa kushoto mpaka ulipoingia sawasawa, akatoka kuelekea kwenye gari.