Imepokelewa Ikiwa Nzima

Baudouin aliifungua laptopu ya mke wake, akainamisha pua mpaka kwenye fremu ya kioo, akanusa. Gundi. Tena ile gundi ya kichupa kidogo ambayo washona viatu wa sokoni wanabandikia soli zilizoachama. Alikuwa seremala hapa Bunia kwa miaka ishirini na sita, na harufu za gundi hazikumdanganya.

"Wameibandika kama sapatu," akasema.

"Ile ni kidogo," Immaculée akamjibu. "Iwashe, uone."

Akaiwasha. Upande wa kushoto, karibu na bawaba, kulikuwa na doa jeupe kubwa kama kidole gumba. Chini kabisa mistari ya mwisho ya ukurasa haikuonekana, imejificha nyuma ya fremu kana kwamba kioo kimezama. Na alipokisukuma kifuniko, bawaba ililia kama mlango wa choo cha shule.

Immaculée alikuwa na meza, mwavuli, printa na hiyo laptopu, nje ya ukuta wa chuo kimoja pale Nyakasanza. Hapo wanafunzi walimletea kazi zao za kumaliza masomo, yeye anazichapa, anazipanga, anazitoa kwenye karatasi. Mwisho wa kuziweka chuoni ulikuwa Jumatatu, na leo ni Ijumaa. Kumi na moja zilikuwa ndani ya mashine. Jana alitoa moja kwa kubahatisha, bila kuona chini ya ukurasa, namba za kurasa zikavurugika kuanzia ya tisa. Mwenyewe, msichana anayeitwa Ornella, alirudi na kurasa themanini na moja. Hakutukana. Alizilaza mezani, akasimama tu, macho yamejaa maji. Wengine wawili waliokuwa kwenye foleni walitazama, wakahamia meza ya jirani.

"Jumatatu nikishindwa," Immaculée akasema, "mwaka kesho hakuna mutu ataniletea hata barua ya kuomba kazi. Watasema kwa Mama Immaculée wanaharibu."

Baudouin aliifunga laptopu ndani ya kitenge, akatia bisibisi mbili mfukoni, akatoka.

Njia nzima alikuwa akisaga meno. Laptopu ilinunuliwa mwezi wa pili kwenye duka la Aaron, pale boulevard, na garanti ya mwaka mzima. Kioo kikaanza kutetemeka chenyewe. Haikuanguka, haikumwagiwa maji. Aaron alisema bila shida, garanti inafunika, iacheni hapa. Akakaa nayo siku kumi na sita. Juzi Baudouin alipokwenda kuichukua, umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima na betri ilikuwa tupu. Aaron alimsogezea karatasi, akaweka kidole pale chini. Saini hapa tu, papa, ni ya kuonyesha umebeba mashine yako.

Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, mistari mingi, na nyuma ya Baudouin walisimama watu wanne wakingoja. Baudouin aliacha shule darasa la nne. Kifaransa anakisoma, lakini anakisoma kwa kidole, kipande kwa kipande, na midomo inacheza. Hakutaka wale watu wanne wamwone. Akasaini kwa haraka, kama mtu mwenye shughuli nyingi. Kila alipoikumbuka ile haraka yake, masikio yalimwaka.

Dukani alimkuta Aaron ameegemea kontuari ya mbao, shati limepigwa pasi, simu mbili mbele yake.

"Papa Baudouin. Karibu. Mashine inaendelea?"

Baudouin alifungua kitenge, akaiwasha, akaigeuza. "Soma ukurasa huo mpaka mwisho."

Aaron alitazama, akakuna kidevu, akatoa faili chini ya kontuari. Alilipekua bila pupa. Akaitoa ile karatasi, akailaza juu ya laptopu.

"Papa, hapa imeandikwa *reçu en bon état*. Maana yake uliipokea ikiwa nzima. Hii saini ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi."

"Hakukuwa na kuran, umeme ulikuwa umekatika. Ulinipa mashine imelala."

"Ungengoja kuran irudi. Hakuna mutu alikufukuza."

Hapo ndipo hasira ilipompanda, kwa sababu maneno hayo yalikuwa ya kweli. Hakuna aliyemfukuza. Aibu yake ndiyo iliyomfukuza, na huyu kijana wa shati la pasi alijua kuitumia.

"Na tena," Aaron akaendelea, akiigeuza laptopu juu chini, "angalia etiketi ya garanti hapa, hii imebandikwa juu ya skurubu. Imepasuka. Mutu alifungua hii mashine. Ikipasuka, garanti imekufa."

"Fundi wako ndiye alifungua. Alitaka kuingiza kioo kipya kupitia wapi? Kwenye tundu la chaja?"

Mama mmoja aliyekuwa akichagua chaja ya simu alicheka kwa pua. Alikuwa Kaswera, mwuza maharagwe anayepanda na kushuka na malori ya Komanda, na Baudouin aliwahi kumtengenezea kitanda.

"Usicheke, mama," Aaron akasema. "Haya ni mambo ya utaratibu."

"Mimi ninanunua tu chaja," Kaswera akasema. "Endeleeni."

Baudouin alipiga kontuari kwa kiganja. "Hii unaegemea, nani alitengeneza?"

"Ni weye, papa."

"Droo ya chini iliganda wakati wa mvua. Nilifanya nini?"

Aaron alitazama simu zake.

"Nilirudi mara mbili. Nikairanda, nikabadilisha reli. Nilikuonyesha karatasi? Nilikuambia weye ulisaini?"

"Papa, ile ni mbao. Hii ni informatique, mambo ya kompyuta."

"Skurubu ni skurubu," Baudouin akasema, akatoa bisibisi mfukoni.

"Usiguse. Utaua garanti."

"Si umesema imekufa? Inakufa mara ngapi?"

Safari hii Kaswera alicheka wazi, na mtu wa motari, mbeba abiria kwa pikipiki, aliyekuja kuweka kadi ya salio kwenye simu akasogea karibu aone. Baudouin hakucheka. Alishika kifuniko, akakipeleka nyuma na mbele taratibu. Kila kilipokwenda nyuma, lile doa jeupe lilivimba. Kilipokuja mbele, likanywea.

"Unaona? Kitu kinakisukuma kutoka nyuma. Mutu aliyefunga bawaba hapa alitia skurubu ndefu kupita unene wa mahali penyewe. Hata anayejifunza kutundika mlango wa kabati anajua itatokea upande wa pili. Mwite fundi wako aje afungue mbele yangu."

"Fundi ana kazi."

"Basi nitangoja." Alivuta kigoda, kile alichokitengeneza yeye mwenyewe, akakiweka katikati ya mlango, akakaa, laptopu imefunguliwa mapajani, kioo kikitazama barabara. "Kila anayeingia nitamwonyesha garanti ya hapa inafananaje. Sitapiga kelele."

Aaron alitazama wapita njia waliokwisha kugeuza shingo. Kisha akaita kuelekea pazia la nyuma.

Fundi akatoka, mtu mzima mwenye ndevu, miwani imepanda kwenye paji la uso. Caleb, shemeji yake Aaron. Aliiona laptopu, akatazama sakafuni. Aliipeleka kwenye kontuari, Baudouin nyuma yake, akaanza kuichokoa fremu kwa kisu. Gundi ilitoka vipande vipande kama magamba ya samaki. Alipofika kwenye bawaba ya kushoto akafungua skurubu moja, ikazunguka, ikazunguka, haiishi. Mwishowe ikadondoka juu ya kontuari. Baudouin akaichukua, na ile ya bawaba ya kulia ilipofunguliwa akaisimamisha kando yake. Ya kushoto ilikuwa ndefu mara mbili. Mahali pa skurubu ya pili palikuwa tundu tupu.

"Skurubu zake zilianguka," Caleb akasema polepole. "Nilitafuta, sikuzipata. Nikatia ile ilikuwa pale."

"Na gundi?"

"Meno ya fremu yalivunjika. Kioo hakikuingia vizuri." Akamgeukia Aaron. "Nilikuambia, shemeji. Nilikuambia hiki ni kioo cha modeli ingine, kitakaa chini. Ukasema bandika, huyu muzee hataona."

Mtu wa motari akasogea hatua nyingine.

Baudouin aliilaza ile skurubu ndefu mbele ya Aaron. Sauti ilipotoka ilikuwa ya chini kuliko alivyotarajia.

"Muzee hataona."

"Papa, ilikuwa tu maneno—"

"Muzee ameona. Sasa sema kioo chenyewe kiko wapi."

"Kinapitia Ariwara, kule mpakani. Naagiza leo, wiki mbili kiko hapa. Kweli kabisa."

"Mke wangu ana mpaka Jumatatu. Ile pale kwenye rafu ni ndugu ya hii. Rangi moja, jina moja."

"Ile ni ya kuuza, papa."

"Hii pia mlituuzia."

Kaswera alirudisha chaja juu ya kontuari, akafuta mikono kwenye kitenge chake. "Patron, hii chaja iko na garanti pia?" akauliza. "Nijue mbele, nisije nikasaini."

Aaron alimtazama mama, akamtazama mtu wa motari, akatazama wawili wengine waliokuwa wamesimama nyuma ya kigoda. Shati lake lilikuwa limeanza kulowa kwapani.

"Caleb. Teremsha ile ya rafu."

Kazi ilichukua saa mbili. Baudouin alisimama kando muda wote, hakukaa, hakukubali soda. Caleb alitoa kioo kwenye ile ya rafu, akatoa na fremu yenye meno yake yote, akatafuta skurubu fupi mbili, akampa Baudouin azione kabla ya kuzitia. Alifanya kazi nzuri. Hilo nalo lilimkera Baudouin: mtu alijua kufanya, na aliambiwa asifanye.

Aaron akasogeza karatasi mpya. "Haya papa. Saini tumalize."

Nyuma ya Baudouin watu walikuwa sita sasa. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya kontuari, akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

"Je... sou... ssi... gné," akasoma kwa sauti. Mimi niliyesaini hapa chini.

"Papa, watu wanangoja."

"Mimi nilingoja siku kumi na sita." Akarudi mwanzo wa mstari.

Alisoma neno kwa neno, midomo ikicheza, na hakuinua macho kutazama nani anamtazama. Alipofika kwenye *bon état* alisimamisha kidole, akaiwasha laptopu kwa mkono mwingine, akafungua kazi ya Ornella, akashuka mpaka ukurasa wa mwisho. Chini kabisa, peupe, namba ya ukurasa ilionekana nzima. Akakipeleka kifuniko nyuma na mbele. Hakuna doa, hakuna kilio. Akaendelea kusoma. Chini ya mahali pa saini kulikuwa na mstari wa herufi ndogo kama wadudu.

"Au... cune... ré... cla... ma... tion." Akaisoma tena moyoni. "Hii inasema nikisaini siwezi kurudi kulalamika."

"Ni fomu tu, papa. Iko kwa kila mutu."

"Futa. Uandike garanti inaanza leo. Utie kashe."

Aaron alifuta, akaandika, akapiga muhuri kwa nguvu kiasi kwamba droo ya chini ilitikisika. Simu ya Baudouin ikalia. Alikuwa Immaculée.

"Umefika wapi?"

"Kwenye mstari wa tisa."

"Mstari gani?"

"Tia karatasi kwenye printa, ninakuja. Mwambie na yule mutoto Ornella arudi," akasema, akageuza ile fomu aone kama kuna kitu kimeandikwa nyuma.