Mzaha wa Bibi Harusi wa Oldham

Edna Schofield alikuwa anaolewa kesho yake, kwa hiyo kengele ya kiwanda cha pamba cha Oldham, Uingereza, ilipolia Ijumaa ile ya mwaka 1956, wasokotaji wenzake walimrukia kama ilivyo ada. Walimfunga mikono kwa nyuzi, wakamchomeka maua ya karatasi, wakammwagia unga kichwani, wakamtia kwenye kapu kubwa la magurudumu la kubebea pamba. Edna alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Nje, Doreen Tattersall akashika kapu kwa nyuma. Doreen ndiye aliyeachwa na Harold, na Harold ndiye aliyekuwa anamwoa Edna.

"Kanisalimie Harold wangu, shoga," alimnong'oneza, akasukuma kwa nguvu zake zote.

Kapu likateremka barabara ya mawe yenye mteremko mkali huku wanawake wakishangilia, wakidhani ni mchezo uleule. Likapiga ukuta wa kanisa. Edna hakuwa na mikono ya kujikingia. Alisikia mfupa wa bega ukikatika, na damu ikachanganyika na unga ikamganda machoni.

Msimamizi, Bi Clegg, alifika mbio na daftari la ajali.

"Tulikuwa tunacheza tu," Doreen akawahi.

Waingereza hawaishiwi maneno ya upuuzi. "Larking," akasema mmoja, yaani utani. "Horseplay," akasema mwingine, yaani mzaha wa kusukumana, na Bi Clegg akashusha pumzi, maana neno hilo likishaandikwa hakuna aliyekosa, utundu umejitenda wenyewe. Ni neno la kinafiki kuliko matusi yote.

"Amenisukuma makusudi," Edna alisema. "Amenitajia Harold sikioni."

"Usituharibie furaha, mwanangu," Bi Clegg akamjibu. "Kila bibi harusi hupitia haya."

Edna aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Wote walikwepesha macho. Akipona angerudi mashineni, na Doreen angesimama pembeni yake akicheka, mwaka baada ya mwaka. Hilo lilimuuma kuliko bega.

"Haya, andika mzaha," alisema. "Doreen, njoo unibusu yaishe."

Doreen aliinama akitabasamu. Edna akamng'ata sikio, akakaza meno, akavuta mpaka kipande kikabaki mdomoni. Doreen alipiga yowe, akaanguka magotini.

Edna akakitema juu ya daftari.

"Mzaha wangu uandike mstari wa chini, Bi Clegg," alisema. "Neno lilelile."