Padri Alisema Barima

Padri wetu alikuwa Mholanzi, na ulimi wake ulikuwa mzito kwa lugha zetu zote mbili. Alipenda kuchomeka Kihangaza ndani ya Kiswahili ili tumwone ni wetu, nasi tulizoea kumnyooshea maneno vichwani mwetu kwanza, ndipo tumjibu. Kwa hiyo siku aliponiita sakristia baada ya Misa, akaniambia kwamba mwanangu Audax ameomba kwenda Barima, sikushangaa. Nilinyoosha. Kwetu ukisema barima, umesema "wanalima". Nikajua anakusudia kule wanakolima, yaani Buganda, kwenye mashamba ya pamba na kahawa, ambako vijana wa Ngara wamekuwa wakienda tangu mimi msichana.

"Watu wetu ni wengi huko," alisema Padri, "na hawana wa kuwafundisha dini wala wa kuwaombea. Audax ni mwalimu wa dini mzuri. Lakini wewe ni mjane, Ildefonsa, na huyu ndiye mtoto uliyebakiwa naye. Sitamtuma mpaka wewe mwenyewe uniambie ndiyo."

"Ndiyo, Padri. Wenzake wote wamekwenda. Naye aende."

Aliniangalia sana. Kisha akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, na macho yake yakalowa. Niliona ni heshima kubwa mno kwa safari ya Buganda, lakini nikasema moyoni, Wazungu wana yao.

Ilikuwa wakati wa vita vya Hitla, mwaka ambao blanketi zilikuwa adimu. Nikaanza matayarisho. Nilikausha maharage, nikasaga unga wa mtama, nikashona begi la kitambaa cha khaki. Halafu nikatafuta jembe jipya na kukaa uani kulitia mpini. Jirani yangu Verediana akanikuta hapo.

"Jembe la nani hilo?"

"La Audax."

"Audax huyu huyu? Mikono yake inajua kufunua kitabu tu! Atalima au atalisomea jembe litubu?"

"Atalima asubuhi, atafundisha jioni. Mwalimu asiyelima na watu, nani atamsikiliza?"

Verediana alicheka. Nilifurahi kumsikia akicheka, maana mwanawe Pancras alikuwa amechukuliwa na Keya, jeshi la Waingereza, na habari ya kifo chake ilikuwa imeletwa na tarishi wa boma: amefia vitani. Vitani wapi, tarishi hakujua.

Audax aliporudi kutoka kufundisha watoto alisimama, akatazama ule mpini. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akachukua mtungi akaenda kisimani, kazi ambayo hakuigusa tangu alipoota ndevu. Nililiona hilo, nikaliweka moyoni.

Na siku zilizofuata nilimwona akitembea huku na huku katika migomba nyuma ya nyumba, midomo inacheza. Nilidhani ni rozari.

Kilichobaki ni blanketi na sabuni. Nikaenda Ngara bomani, kwenye duka la Mzee Halfani. Yeye ni mtu wa pwani, amekulia Bagamoyo kabla ya kufuata biashara huku bara.

"Shikamoo, Mzee Halfani."

"Marahaba, mama Audax. Nasikia kijana anatuacha. Anakwenda Bama."

"Barima," nilimsahihisha. "Buganda, kulima."

Akaacha kukunja blanketi. "Nani kakwambia Buganda?"

"Padri. Alisema barima."

Alicheka mpaka akashika meza. "Biubwa! Biubwa, njoo usikie! Mama Audax anampeleka mwanawe Bama akalime!"

Mkewe alitoka uani na upawa mkononi. Alinitazama usoni, hakucheka.

"Nyamaza wewe," alimwambia mumewe. "Huoni kama hajui?"

 Halfani akaniletea kigoda, na sauti yake ikashuka. "Bama ni nchi, mama. Iko ng'ambo ya bahari, unaipita Bara Hindi kwanza. Ndiko Keya wanakopigana na Mjapani. Padri amekwambia Bama, wewe ukasikia lako."

Nilikaa.  Ajabu ni kwamba neno la kwanza lililonitoka halikuwa kilio. Niliuliza, "Huko kuna watu?"

"Watu wapo! Kwani mchele ulikuwa unajilima?"

"Mchele upi?"

"Mchele wa Ranguni. Kabla ya vita watu wa pwani tuliula mno, mweupe, mwembamba. Ulitoka huko huko. Mjapani alipoingia, ukakatika."

"Kumbe nao wanalima."

"Wanalima, tena ndani ya maji. Wanasimama mpaka hapa," akajigusa chini ya goti, "na ng'ombe wao wamo humo humo majini."

"Uliwaona?"

"Niliona magunia yao."

Biubwa akamcheka. "Bingwa wa magunia! Mwambie na habari ya wale wenye mabakuli."

"Hiyo niliisikia kwa baharia mmoja," alisema Halfani. "Wana dini yao, si yetu wala si yenu. Watu wao wa dini wananyoa vichwa, wanajifunga nguo moja, na kila asubuhi wanapita na mabakuli mlango kwa mlango."

"Wanaomba chakula? Na wenye nyumba wanawapa?"

"Wanawapa, tena mwenye kutoa ndiye anayeinama."

Nililifikiria hilo njia nzima, na blanketi kichwani. Sitaficha kwamba nililifikiria kwa sababu sikutaka kufikiria jingine. Katika darasa la ndoa tulifundishwa kwamba aliyekubali bila kujua anachokubali, hajakubali. Basi ndiyo yangu ilikuwa bure. Ningekwenda kwa Padri, ningesema nilisikia vibaya, na Audax asingekwenda popote. Padri mwenyewe alikuwa amesema hivyo. Mwanangu angebaki kwetu Mugoma, angeoa, angenizika. Ilikuwa mkononi mwangu.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu ya kilima. Sauti yake ilikuwa inatoka katika migomba. Safari hii nilisogea nikasikiliza. Haikuwa rozari. Yalikuwa maneno ya kaburini, yale Padri anayosema wakati udongo unatupwa. Alikuwa anayasema bila kitabu, anakwama, anarudi nyuma, anaanza tena.

"Nani amekufa?" niliuliza.

Aligeuka. Akaona blanketi, akaona uso wangu.

"Mama."

"Niite mama ukishanijibu. Uliliona lile jembe, ukajua nimesikia nini. Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utasema hapana."

"Na mwalimu wa dini anafundisha hivyo? Anamwibia mamaye ndiyo?"

Aliinamisha kichwa. Nilimwacha ainamishe mpaka shingo imuume, kisha nikamwambia akae. Tulikaa juu ya majani makavu ya migomba.

"Haya, nieleze. Huko Bama wanakula nini?"

"Sijui, mama. Wali, nadhani."

"Wanasema lugha gani?"

"Sijui."

"Wana watu wa dini wanaopita na mabakuli. Ukikutana nao utawaamkiaje?"

Alinitazama kana kwamba nimeota pembe. "Nani amekwambia hayo?"

"Mimi ndiye ninayeuliza."

"Sijui, mama."

Tangu alipopata daraja la ualimu sikuwahi kumsikia Audax akisema sijui mara tatu mfululizo. Alikuwa kijana wa majibu. Ungemuuliza habari ya toharani angekujibu kama mtu aliyelala huko jana.

"Basi kitu unachokijua ni kipi?"

Alichuma jani, akalichana polepole. "Verediana aliniuliza kama kuna mtu aliyemwombea Pancras walipomzika. Nilimwambia ndiyo, wako mapadri wengi huko. Akafurahi, akaenda zake. Baadaye nikamuuliza Padri. Akasema padri wa askari ni mmoja kwa watu wengi sana, hafiki kila mahali. Wengine wanafukiwa tu. Ndiyo maana wanatafuta walimu wa dini wa kumsaidia." Alitupa lile jani. "Nilimjibu mama wa watu nisichokijua. Nataka kwenda kuwa hilo jibu."

 Niliingia ndani nikapika. Tulikula, na kabla ya giza nililitoa lile jembe kwenye mzigo nikalirudisha darini.

Asubuhi nilikwenda misheni, yeye akinifuata nyuma. Padri alikuwa anakagua mizinga yake ya nyuki.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Ildefonsa! Lori la Biharamulo linakuja wiki hii kumchukua Audax."

"Padri, niulize tena."

"Nikuulize nini?"

"Lile la Audax. Nilipokujibu nilisikia wanalima. Nilidhani Buganda."

 Akawa mwekundu mpaka masikioni, akavua kofia. "Barima," alisema kwa sauti ndogo. "Mungu wangu, ulimi wangu huu." Akamtazama Audax, akanitazama mimi. "Basi neno lako la kwanza halina nguvu. Uko huru, mama. Ukisema hapana, hakuna atakayekulaumu, na mimi nitakuwa wa kwanza kukutetea."

"Nimekwambia uniulize, Padri, sijakwambia unitetee."

Akaliuliza polepole, kila neno peke yake, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Akasema nchi, akasema bahari, akasema vita. Akasema huenda asirudi. Nilimtazama Audax. Alikuwa amesimama wima, kama baba yake alivyokuwa akisimama.

"Ndiyo," nilisema. "Aende Bama. Awazike askari wetu kwa majina yao. Na wenyeji wa kule wakimkaribisha akae nao, wasikilizane."

"Jeshi linamtaka kwa ajili ya askari, Ildefonsa."

"Jeshi linamtuma kwa askari. Mimi ndiye mama, namtuma na kwa hao wengine."

Padri alivaa kofia yake, akaivua tena. Aliniuliza kama nina lolote la kuuliza kabla hajapeleka habari Biharamulo. Nilikuwa nayo mengi mno, yalikuwa yamenikesheza. Nikaanza na lililonisumbua kuliko yote: mtu anayelima ndani ya maji, wafu wake anawazika wapi?

Padri hakujua. Alimtazama Audax, naye hakujua. Akavuta benchi chini ya ukuta, mbali kidogo na nyuki wake, tukakaa wote watatu, nami nikauliza la pili.