Jina Lililoota Kwenye Chuma

Asubuhi moja ya Machi, mwaka wa tatu tangu karakana yao ya bastola itaifishwe na serikali, Květa alisimama mbele ya sufuria kubwa akichemsha mabamba ya juu ya bastola, kijiti mkononi kama mtu anayepika viazi. Chuma huachwa kwanza kipate kutu, huchemshwa, kisha husuguliwa kwa brashi mpaka kutu igeuke weusi unaometa. Ndivyo baba yake alivyomfundisha. Alitoa bamba la kwanza, akalifuta kwa aproni, akaona jina limeota tena: B. ZÁLABÁK, LHOTICE. Herufi zilikuwa zimechimbika vizuri. Akaliweka pembeni, akatoa la pili.

Jina lilikuwa la baba yake, Bohumír. Ndiye aliyeibuni bastola ile ujanani, ndogo ya kutosha kulala katika mfuko wa kizibao bila kuvuta nguo. Wateja wake wa kwanza walikuwa mahakimu, wenye maduka ya dawa na wanawake waliosafiri peke yao kwa treni ya jioni. Wengi waliinunua wasiifyatue hata siku moja. Vita vilipokuja Wajerumani wakaichukua kwa masanduku, na hao waliifyatua. Bohumír hakupenda kulizungumza hilo. Kisha vita vikaisha, ikaja serikali mpya, funguo za karakana zikachukuliwa mezani familia ikiwa inakunywa supu, na amri ikatoka kwamba bastola iendelee kutengenezwa, ila bila jina la bepari.

Bepari mwenyewe alipewa tupa. Ndugu Šimek, msimamizi aliyehamishwa kutoka kiwanda cha sukari, aliona hiyo ni adhabu inayomfaa: mzee akae benchi la pembeni, afute jina lake kwenye mabamba yaliyobaki stoo. Akafuta. Kesho yake jina likarudi, wala chuma hakikupungua. Akafuta tena. Haukupita muda likaanza kuota hata kwenye mabamba mapya ambayo hayakuwahi kuandikwa kitu.

Mafundi walilalamika tu kwamba kazi inachelewa.

"Mzee, hilo jina lako ni kama magugu," Hynek wa mashine ya kukereza alimwambia.

"Magugu huota penye samadi, Hynek. Hebu sogea."

Walicheka wote isipokuwa Květa. Yeye alikuwa akiliwaza neno hujuma, ambalo wakubwa wangeweza kuliita jambo hilo. Jirani yao mwokaji alishapelekwa kifungoni kwenye machimbo ya urani kwa kosa dogo kuliko hilo, na baba yake alikuwa na kifua kibovu. Huko asingemaliza hata baridi moja. Nyumbani alikuwepo Anežka, binti yake Květa, ambaye hakukubali kulala mpaka alaze kichwa kwanza begani kwa babu.

Basi Květa akaanza kuchunguza, akagundua. Bohumír alikuwa na desturi yake ya tangu zamani: kila bamba alilomaliza alilipaka mafuta ya bata bukini kwa kidole gumba, lisipate kutu. Jina liliota pale tu kidole chake kilipopita. Květa akamfumia glavu za sufu, akamvisha mwenyewe, kama anavyomvisha mtoto. Kesho yake mabamba yote yalikuwa safi kama sahani, bila herufi hata moja.

Alidhani Ndugu Šimek atafurahi. Šimek aliyageuza moja moja, kisha akakaa juu ya kreti.

"Nani kamvisha mzee glavu?"

"Mimi. Mikono yake inapasuka kwa baridi."

"Mvue." Akashusha sauti. Alimweleza kwamba kila jina linalofutwa huhesabiwa huko mji mkuu, Praha, kama kazi iliyokamilika, na kwa hesabu hiyo karakana ya Lhotice imevuka malengo kuliko wilaya nzima. "Benchi lisipokuwa na kazi litafungwa. Likifungwa nitaulizwa mzee aende wapi. Unajua nitajibu nini."

"Na jina likiota?"

"Tunalifuta. Ndiyo kazi, dada yangu."

Jioni Květa alimweleza baba yake, Anežka akiwa tayari begani. Bohumír akacheka mpaka akakohoa.

"Yaani wanataka nifute, ila nisimalize."

"Vua glavu, baba."

"Nijifute kila siku mpaka nife?"

"Nataka uwepo Anežka akianza shule."

Bohumír alimtazama mjukuu. Kisha akavua glavu, akamfunika nazo miguu.

Sikukuu ya Mei Mosi ilipofika, Šimek alimkabidhi mzee cheti chenye nyota nyekundu: mfutaji bora wa wilaya. Pale pa jina palikuwa pamewekwa nukta tupu, maana jina lile lilikuwa marufuku humo ndani. Bohumír alikipokea kwa mikono mitupu, watu wakapiga makofi, kikatundikwa ukutani.

Asubuhi iliyofuata jina lilikuwa limeota juu ya nukta, kwa herufi zilezile za kwenye chuma. Šimek alikishusha, akampa Květa wembe.

"Taratibu, usitoboe karatasi."

Květa alikwangua kwa upole, herufi kwa herufi, kama anayemtoa mtoto uji kidevuni. Akapuliza vumbi, akakirudisha ukutani. Kwenye benchi la pembeni baba yake alikuwa anakohoa na kufuta.

Kesho yake alikuja na wembe wake kutoka nyumbani, maana ule wa ofisini ulikuwa butu.