Madaftari Kumi na Moja na Mashine ya Mulumba

Mama Odile Numbi alikuwa mkunga wa kampuni moja ya uchukuzi wa mawe ya madini, Kolwezi, kwa miaka ishirini na mmoja. Kila mtoto aliyempokea alimwandika katika daftari lake mwenyewe: namba ya mfuatano, tarehe, saa, uzito, jina la mama na mtaa wake, namba ya kazi ya baba. Kampuni ilipofunga lango, wodi ikafungwa nayo, na madaftari yalikuwa kumi na moja yenye watoto 1,947.

Hakuna aliyeyaulizia mpaka mwaka 1993, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walipoambiwa waondoke warudi kwao. Hapo akina mama wakaanza kupiga hodi barazani kwake. Huko waendako, shule zingetaka kujua mtoto alizaliwa lini na wapi, na majalada ya wodi yalikuwa yamekwisha kuibwa pamoja na makabati yake.

Mulumba, aliyekuwa fundi wa kompyuta wa kampuni hiyo hiyo, ndiye aliyeshauri madaftari yaingizwe katika mashine. Alikuwa nayo moja kuukuu, yenye printa, aliyouziwa na mhandisi mmoja aliyerudi kwao. Yeye naye angeondoka na familia yake kwa treni ya Alhamisi, wiki chache mbele. Mashine isingepata nafasi, basi ingebaki kwa Mama Odile.

Ndani yake mlikuwa na programu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kadi: kila kadi na namba yake, ukiita namba kadi inakuja. Ya pili ilikuwa ya kuandikia barua tu, maandishi yakishuka mstari kwa mstari. Ukitaka neno, unalitafuta.

"Hii ya barua ni ya basekretere," Mulumba alisema, akachagua kadi.

Namba ya kadi haikuwapa shida. Katika kambi ya wafanyakazi, mwanaume aliyesahau siku ya ndoa yake hakuisahau namba yake ya kazi. Mtoto wa kwanza wa mfanyakazi 4417 akawa 4417-1, wa pili 4417-2. Mulumba aliandika kwa wiki tatu.

Jumatatu ya wiki ya safari akaja Mama Louis, mjane wa Muamba, dereva wa zamani wa kampuni. Naye alikuwa wa treni ya Alhamisi, na bila karatasi ya kuzaliwa ya Louis asingeondoka na moyo mtulivu.

"Namba ya kazi ya tata yake?" Mulumba aliuliza.

"Elfu ine, mia ine, kumi na saba. Mi mwenyewe niliishona pa koti yake."

Mulumba alishtuka kidogo, akabonyeza. Kadi ikaja: Joyeuse, msichana, 1981.

"Lakini huyu ni mutoto yangu!" Mulumba alisema.

"Louis eko mwanaume, tata," Mama Louis alisema. "Hata ndevu eko nazo."

Wakacheka wote wawili. Odile hakucheka.

"Mashine inahesabu batoto ngapi?"

"Elfu moja, mia kenda, kumi na mbili."

"Daftari ziko na elfu moja, mia kenda, arobaini na saba. Banakosa thelathini na tano."

"Pengine ulihesabu mubaya, mama."

"Mi sihesabu mubaya. Leta daftari ya pili."

Louis alikuwamo: 14 Agosti 1973, kilo tatu na gramu mia moja, baba Muamba, 4417. Muamba aliachishwa kazi mwaka 1976. Namba yake ikakaa miaka miwili bila mtu, kisha akapewa Mulumba. Kila namba iliporudi, mashine iliuliza kama kadi ya zamani ibadilishwe, na Mulumba, akidhani amerudia ukurasa, alijibu ndiyo. Siku ya kadi ya Joyeuse aliikumbuka vizuri. Alifurahi mno kumwona binti yake hata hakusoma swali.

"Kumbe na mi nilishafukuza mutu," alisema polepole.

"Batu thelathini na tano," Odile alisema. "Na kampuni isingefunga, bangepatia mwingine namba yako, na Joyeuse angetoka vilevile."

Hakumlaumu zaidi. Aliuliza tu jambo ambalo wangepaswa kuuliza wiki tatu nyuma: akina mama wanapofika mlangoni, wanajitajaje? Hakuna aliyeanza na namba. Walisema Mama Louis, Mama Joyeuse, Mama Dady, kwa jina la mtoto wa kwanza, na jina hilo hakuna ofisi iliyoweza kumvua mtu.

"Lakini ba-Mama Joyeuse beko wengi!" Mulumba alipinga.

"Ngapi?"

Akahesabu kwa vidole. "Batano."

"Batano nitabauliza avenue yabo. Lakini mwenye hayuko mu mashine, nitamuuliza nini?"

Mulumba akafungua programu ya barua. Siku hiyo na Jumanne nzima kadi zilihamishiwa kwenye programu ya barua, kila mtoto mstari wake, ukianza na jina la mama na mtaa. Kisha wakatafuta namba za mfuatano zilizoruka. Odile alisoma, rula ikiwa chini ya mstari, Mulumba aliandika. Jumatano saa sita mchana mistari ilikuwa 1,947. Mama Louis alipewa karatasi yenye sahihi na muhuri wa mkunga, akaiviringisha na kuitia katika kopo la maziwa ya unga pamoja na karatasi zake nyingine.

Alhamisi asubuhi, ili kumjaribu Odile mbele ya mashine, Mulumba aliketi kwenye kiti cha wageni.

"Mi ni mugeni. Natafuta batoto ya Mama Joyeuse."

Odile alibonyeza kwa kidole kimoja. Walitokea watano.

"Avenue gani, tata?"

"Mama! Tuko majirani miaka kumi na tano!"

"Namuuliza kila mutu."

Mulumba akaitaja, akicheka mpaka akapangusa macho. Karatasi ya watoto wake watatu ikatoka. Odile akampa pia disketi yenye orodha nzima, kwa yeyote atakayeihitaji huko aendako.

Mulumba alipokwisha kwenda stesheni, Odile alifungua daftari la kumi na mbili. Jana alasiri, nyumba ya pili, alikuwa amempokea Shekina, kilo mbili na gramu mia tisa. Aliandika 1,948 kwa kalamu, kisha mstari ule ule katika mashine, peke yake. Mashine haikuuliza kitu.